Ndani Ni Wapi?

Tarehe 28 Juni 2011 mvua kubwa ilinyesha wilayani Kiryandongo, Uganda, na wanafunzi wa Shule ya Msingi Runyanya walikuwa mahali ambapo mzazi yeyote angetaka mwanawe awe saa ya mvua: darasani. Radi ikapiga. Wanafunzi 18 wakafa pamoja na mwalimu wao, na wengine wengi wakapelekwa hospitali.

Machi 2018, wilayani Nyaruguru kusini mwa Rwanda, waumini wasiopungua 15 wa kanisa la Waadventista Wasabato waliuawa na radi siku ya Sabato, wakiwa kwenye ibada. Oktoba 17 mwaka huohuo ikawa zamu ya mkoa wa Geita, Tanzania, ambako wanafunzi sita wa Shule ya Msingi Emaco Vision walipoteza maisha. Agosti 2020 watoto waliokuwa wakicheza mpira huko Arua, Uganda, waliona mvua inakuja, wakauacha mpira wakakimbilia kibandani. Kumi walikufa. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, walikufa watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Januari 2025 msiba ukarudi Geita: wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe.

Habari kama hizi hutangazwa, viongozi hutoa salamu za rambirambi, kisha hutolewa ushauri uleule: mvua ya radi ikianza, ingieni ndani. Lakini wengi wa marehemu hao walikuwa wameshaingia. Watoto wa Arua walifanya kile hasa walichofundishwa. Kwa hiyo swali la sura hii si kama watu wetu wanajua kukimbia mvua. Wanajua. Swali ni wanakimbilia wapi, na hapo wanapokimbilia kuna nini cha kuwakinga.

Tuanze juu. Radi huanzia kwenye barafu, hata katika nchi ambayo wengi wetu barafu tunaijua kwa kuiona kwenye friji tu. Ukipanda angani kilomita tano hivi juu ya Bukoba au Kisumu, unakuta maji yameanza kuganda. Wingu la mvua ya radi hupita hapo likaendelea kupaa, na katika ukanda wetu wa Ikweta kilele chake huweza kuvuka kilomita 15. Ndani yake hewa ya moto inapanda kwa kasi, ikibeba chembe nyepesi za barafu, huku punje nzito zinazofanana na mvua ya mawe changa zikishuka. Zinapogongana hubadilishana chaji. Chembe nyepesi huenda juu na chaji chanya, punje nzito hubaki katikati na chini zikiwa na chaji hasi. Migongano hiyo ikiendelea kwa mabilioni, wingu hujaa umeme usio na pa kwenda.

Kisha hutafuta pa kwenda. Mkondo mwembamba, usioonekana kwa macho, hushuka kutoka mawinguni kwa hatua za mita kama 50, ukisita na kupinda na kugawanyika matawi. Ukikaribia chini, vitu vilivyosimama ardhini huanza nao kuurushia vijimkondo vya kwenda juu: mti, mnara wa simu, nguzo, pembe ya paa, kichwa cha mkulima aliye peke yake shambani. Kimojawapo kikikutana na ule unaoshuka, njia imekamilika, na hapo ndipo tunapoona mwanga. Unene wa njia yenyewe ni kama kidole gumba. Umeme unaopita humo mara nyingi hufika ampia 30,000, wakati pasi ya umeme nyumbani hutumia kama tano tu. Joto lake hufika nyuzi 30,000 za Selsiasi, mara tano ya uso wa jua. Hewa iliyopashwa hivyo hulipuka, na mlipuko huo ndio ngurumo.

Kwa hiyo ngurumo haiui mtu. Iliyokuua hukuisikia. Lakini ngurumo ina habari: sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu, basi ukihesabu sekunde kuanzia mwanga hadi sauti, ukagawa kwa tatu, umepata umbali. Sekunde 30 ni kilomita 10. Hapo wengi hupumua, wakaona bado ni mbali. Si mbali. Radi hupiga hata kilomita 10 na zaidi nje ya mvua yenyewe, mahali ambapo jua linawaka na watu wameanika mahindi. Ukiisikia ngurumo, hata ile ya mbali inayokokota kama lori mlimani, tayari uko ndani ya eneo lake.

Na eneo lake ni kwetu. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha hesabu ya radi duniani kutokana na miaka 16 ya picha za satelaiti ya TRMM ya Marekani na Japani. Namba moja ilikuwa Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, lenye mimweko 233 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ya pili ilikuwa Kabare, mashariki mwa Kongo, milimani karibu na Ziwa Kivu: 205. Katika orodha ya maeneo 500 yanayoongoza, zaidi ya nusu yako Afrika. Zamani kidogo, kabla ya satelaiti, watu walihesabu siku ambazo ngurumo ilisikika, na mji wa Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya, uliandikwa kuwa na wastani wa siku 251 kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Mtu wa Dar es Salaam akisikia hivyo anashangaa. Mtu wa Tororo hashangai.

Ziwa Victoria lina mchango mkubwa katika hili. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake ikapanda, na upepo wa ziwani ukaingia kuchukua nafasi. Alasiri mawingu hujijenga juu ya Kakamega, Kisii, Kampala na vilima vya Kagera, saa zilezile wanafunzi wanapotoka shule na wachuma chai wanapopeleka majani kwenye mizani. Usiku mambo hugeuka. Sasa ni maji yaliyobaki na joto, upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na radi huwaka huko mpaka karibu na alfajiri. Na usiku, hasa usiku wa giza usio na mwezi, ndio saa ya mvuvi wa dagaa. Anawasha taa zake juu ya maji meusi, kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita nyingi kila upande ni yeye na mtumbwi wake. Hakuna kazi nyingine ninayoijua ambayo ratiba yake imelingana na ya radi kiasi hicho.

Sasa tuone jinsi inavyoua, maana hapa ndipo watu wengi wamekosea, na kukosea huku kuna gharama.

Ukimwuliza mtu, atakuambia radi hushuka utosini. Hilo hutokea, lakini kwa nadra. Daktari Mmarekani Mary Ann Cooper na mtaalamu wa hali ya hewa Ronald Holle, waliotumia miaka mingi kuchunguza vifo vya radi, wanakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaoumizwa au kuuawa, waliopigwa moja kwa moja ni watatu hadi watano tu. Karibu theluthi moja hupigwa na umeme ulioruka pembeni kutoka kwenye kitu kingine, kama vile mti waliojikinga chini yake. Wengine walikuwa wameshika kitu kilichopigwa: bomba, waya wa kuanikia nguo, uzio. Na takriban nusu huuawa au kujeruhiwa na umeme unaotambaa ardhini.

Radi ikipiga mwembe, umeme hauishii kwenye shina. Huingia ardhini na kusambaa pande zote, ukipungua nguvu kila unapokwenda mbali. Maana yake ni kwamba sehemu mbili za ardhi, moja karibu na mti na nyingine hatua moja mbele, zina nguvu tofauti za umeme. Mtu aliyetanua miguu, mguu mmoja hapa na mwingine pale, amezipa sehemu hizo mbili daraja. Umeme hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ng'ombe ana bahati mbaya zaidi, kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, na katikati kuna moyo. Ndiyo maana mfugaji huweza kukuta ng'ombe wake wote wamelala chini ya mti mmoja au kando ya uzio mmoja wa waya, ilhali yeye aliyekuwa hatua chache kutoka hapo ameponea chupuchupu. Huko Norwei, Agosti 2016, paa wa barafuni 323 walikutwa wamekufa pamoja kwenye uwanda wa Hardangervidda. Karibu nasi, Februari 2020, sokwe wanne wa milimani wa familia ya Hirwa walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Mgahinga, Uganda, na dalili zote zilionyesha ni radi.

Ukielewa umeme wa ardhini, unaelewa pia kwa nini radi huonekana kama inachagua. Oktoba 1998, gazeti moja la Kinshasa liliripoti kwamba radi iliua wachezaji wote 11 wa timu moja katika mechi ya soka huko Kasai, na wale wa timu nyingine hawakuguswa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na wenyeji, kama ilivyotarajiwa, walianza kunong'ona kuhusu uchawi. Sijui kama kuna mwenye kipimo cha ardhi ya uwanja ule. Lakini nani kasimama kwenye tope na nani kwenye kikavu, nani alikuwa akikimbia na nani miguu yake ilikuwa pamoja, nani aliegemea ukuta na nani alikaa katikati ya chumba: hayo yanatosha kumuua mmoja na kumwacha jirani yake akitetemeka tu.

Jibu la aina hiyo halimtoshi mfiwa, na ninamwelewa. Sayansi inaeleza jinsi radi ilivyompata kijana wake, haielezi kwa nini yeye. Ndipo inapokuja radi ya kutumwa. Sumbawanga imebebeshwa sifa hiyo kiasi kwamba mtu akitaja mji huo tu watu wanaangua kicheko cha woga, na Kisii nako hadithi hazikosekani. Tusijidhanie tuko peke yetu. Ulaya, kwa mamia ya miaka, kengele za makanisa zilipigwa wakati wa tufani ili kuifukuza radi, na wapiga kengele wakafa wakiwa wameshika kamba zilizolowa, kwenye mnara mrefu kuliko majengo yote ya kijiji. Imani hizi zina hasara tatu za wazi: mzee fulani husingiziwa na pengine kupigwa, majeruhi huachwa bila kuguswa mpaka mganga aje, na kamati ya shule haioni haja ya kununua waya, kwani kilichotumwa na mtu kitazuiwaje na shaba?

Mambo mengine tunayoambiana hayana madhara makubwa, ila hayasaidii. Nguo nyekundu haiiti radi. Kioo kisichofunikwa nacho hakiiti. Kandambili za mpira hazimkingi mtu: umeme uliokatiza kilomita kadhaa za hewa hautazuiwa na sentimita moja ya mpira. Simu ya mkononi haiivuti radi, lakini simu iliyochomekwa kwenye chaja ni habari nyingine, kwa kuwa waya wa chaja umeunganishwa na waya wa nyumba, na wa nyumba umeunganishwa na nguzo barabarani.

Turudi kwenye swali la ndani.

Mwaka 1753, mwaka mmoja baada ya majaribio maarufu ya Benjamin Franklin, mwanasayansi Georg Wilhelm Richmann aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg aliweka chuma juu ya paa la nyumba yake na kukivuta kwa waya hadi chumbani, kwenye kifaa cha kupima umeme wa mawingu. Kwa makusudi hakuuteremsha waya huo ardhini, maana alitaka kupima, si kujikinga. Mvua ya radi ilipokuja Agosti ya mwaka huo alikwenda kutazama kipimo. Umeme ukaruka kutoka kwenye chuma hadi kichwani mwake, akafa palepale. Alikuwa ndani ya nyumba, chini ya paa, na nguo zake kavu.

Madarasa mengi ya Afrika Mashariki yamejengwa kama chumba cha Richmann bila mjenzi kujua. Angalia jengo la kawaida la shule ya kijijini. Mabati yamepigiliwa misumari kwenye papi za mbao, papi ziko juu ya kenchi za mbao, kenchi zimekaa juu ya ukuta wa tofali za kuchoma. Radi ikipiga bati, umeme husambaa kwenye bati lote bila shida, kisha unafika ukingoni. Halafu? Mbao si njia nzuri, tofali si njia nzuri. Chini yake kuna nondo za lenta, fremu ya chuma ya dirisha, na mtoto aliyekaa kwenye dawati lililobanwa ukutani, ambaye mwili wake, wenye maji na chumvi, ni njia bora kuliko tofali. Umeme unaruka kutoka kimoja kwenda kingine. Unaofika chini unatambaa sakafuni, na sakafu yenyewe pengine ni udongo uliolowa kwa maji yaliyoingia mlangoni, na watoto hawana viatu.

Wapo wanaosema basi mabati ndiyo yanayovuta radi, turudi kwenye nyasi. Hapana. Nyumba ya nyasi hupigwa vilevile, na juu ya hayo hushika moto, na watu waliopoteza fahamu hawawezi kutoka. Kosa haliko kwenye bati. Kosa ni kwamba bati limeachwa hewani bila njia ya chuma ya kulifikisha ardhini. Jengo la chuma tupu kuanzia juu mpaka chini, kontena la mizigo kwa mfano, ni salama kwa radi, kwa sababu umeme hupita kwenye ngozi ya nje na kuingia ardhini. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1836, akiwa amekaa yeye mwenyewe ndani ya kizimba cha chuma.

Nyumba ya mjini ya zege, yenye nondo, nyaya za umeme na mabomba ya chuma, hufanya kazi kama kizimba hicho hata kama mwenye nyumba hakukusudia. Marekani, katika miaka ya 1940, radi iliua watu zaidi ya 300 kwa mwaka. Miaka ya karibuni wanaokufa ni karibu 20, ingawa idadi ya watu imezidi mara mbili. Wamarekani hawakuwa werevu zaidi wala mawingu yao hayakupoa. Walipungua mashambani, wakahamia kwenye nyumba zenye nyaya na mabomba, wakaanza kusafiri ndani ya magari ya bati, na baadaye wakapata elimu ya radi na matibabu bora. Mkulima wao wa miaka ya 1900, kwenye kibanda cha mbao na shamba la wazi, aliishi katika hatari ileile anayoishi mkulima wa Bukombe leo. Ushauri wa "ingia ndani" umetoka kwao baada ya nyumba zao kubadilika. Sisi tumeupokea ushauri kabla ya nyumba.

Kwa hiyo mtu afanye nini leo, na nyumba aliyonayo? Kama kuna jengo kubwa lenye nondo, umeme na mabomba, na liko karibu, nenda huko, kaa mbali na kuta, bomba, swichi na dirisha, chomoa plagi mapema, wala usioge. Kama kuna gari lenye paa la chuma, ingia, funga vioo, usiguse vyuma. Daladala ya Hiace au matatu inakinga. Basi la shule linakinga. Kinachokinga ni bodi, si matairi. Bajaji ya turubai haikingi, bodaboda ndiyo kabisa, na mwendesha boda aliyejikinga chini ya mti wa barabarani pamoja na abiria wake amechagua pabaya kuliko kuendelea kulowa.

Kama kilichopo ni nyumba ya udongo au kibanda tu, usidanganyike kwamba umepona, ila unaweza kupunguza hatari: kaa katikati, mbali na kuta na nguzo ya kati, miguu ikiwa pamoja, juu ya kigoda au godoro kavu. Wanaojikinga mvua pamoja wasibanane. Wakiachiana nafasi, hata mmoja akipigwa, mwingine atabaki wa kumsaidia. Huko wazi, shuka kilimani, toka majini, achana na mti uliosimama peke yake, weka jembe chini. Zamani watu walifundishwa kuchuchumaa huku wameinamisha vichwa, na bado utaiona picha hiyo kwenye mabango. Wataalamu wengi hawaipigii debe tena, kwa sababu iliwafanya watu wakae pale walipo badala ya kuondoka.

Hatua inayookoa wengi huchukuliwa mapema zaidi, na mara nyingi iko mikononi mwa mtu mmoja: refa, nyapara wa shamba, mwalimu wa zamu, nahodha wa mtumbwi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mpira usimame, hata kama ni fainali na mbuzi wa zawadi amefungwa pale kwenye goli. Na usianze tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nusu saa hiyo ndiyo watu hawana subira nayo. Mvua imepungua, jua limechungulia, vijana wanarudi uwanjani, na mkia wa wingu bado uko juu yao. Kwa mvuvi dakika 30 si kitu. Yeye anahitaji saa kadhaa za kurudi ufukweni, na hilo linategemea utabiri uliomfikia kwenye simu kabla hajasukuma mtumbwi, kwa lugha anayoisema, ukitaja upande wa ziwa anaokwenda.

Akipigwa mtu, mguse. Mwili haubaki na umeme hata kidogo. Anachokufa nacho mara nyingi ni moyo uliosimama na pumzi iliyokatika, na kuungua kwake huwa kwa juujuu, pengine alama za mistari ya matawi kama jani la jimbi ambazo hufutika baada ya siku chache. Moyo wenyewe una tabia ya kujiwasha tena, lakini sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi huchelewa kuzinduka, na moyo usiopata hewa husimama mara ya pili. Ndiyo maana kupuliza pumzi mdomoni ni muhimu hapa kama kubonyeza kifua: bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimita tano, na kila baada ya mara 30 mpulizie pumzi mbili. Endelea mpaka msaada ufike. Na kama waliopigwa ni wengi, fanya kinyume cha desturi ya ajali ya basi. Kwenye ajali tunawaacha waliokwisha nyamaza, tunawakimbilia wanaolia. Kwenye radi anayelia atapona, mara nyingi. Anza na aliye kimya.

Limebaki jengo lenyewe. Kinga ya radi ni teknolojia ya tangu enzi za Franklin, na haina siri. Juu ya paa kuna fimbo za chuma zilizo juu kuliko kila kitu kingine. Kutoka hapo nyaya nene hushuka angalau pande mbili za jengo, bila kona kali, kwa kuwa umeme huo haupendi kona na utaruka. Ardhini nyaya zinaungana na waya mwingine uliofukiwa nusu mita chini kuzunguka jengo zima, au na fimbo ndefu zilizopigiliwa ndani. Mabati, fremu na mabomba yote huunganishwa na mfumo huo ili pasiwe na kitu cha kurukiana. Fundi hupima ukinzani wa ardhi, na lengo la kawaida ni chini ya omu 10, kazi rahisi kwenye udongo wenye unyevu na ngumu sana kwenye miamba kama ya Mwanza. Mtandao wa ACLENet, wenye makao Kampala na ambao Mary Ann Cooper ni miongoni mwa waanzilishi wake, umekuwa ukifunga mifumo ya namna hii kwenye shule za Uganda na kuwafundisha walimu na wanafunzi kwa pamoja.

Wajumbe wa kamati ya shule watakaoletewa fundi waulizie upande wa chini kabla ya upande wa juu. Fimbo inayong'aa juu ya paa inaonekana na kila mgeni rasmi. Kilichofukiwa hakionekani, na fundi mwenye haraka anaweza kupigilia kipande cha nondo cha futi mbili, akafunga waya kwa kibanio, akalipwa. Jengo hilo sasa ni baya kuliko lilivyokuwa, maana limepewa kitu cha kupokea radi bila njia ya kuitua. Shaba nayo ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Waya unaoning'inia wazi ukutani huweza kuondoka usiku mmoja, na hakuna atakayegundua kwa sababu taa haizimiki, kengele inaendelea kulia na masomo yanaendelea. Mafundi wazuri huuingiza waya kwenye bomba la plastiki kwa mita mbili au tatu za mwisho, mwizi apate shida na mtoto asiuegemee mvua ikinyesha, kisha huacha kifuniko kidogo chini ambapo kipimo huchomekwa. Kifuniko hicho kifunguliwe kila mwaka kabla ya masika, na jina la aliyepima, tarehe na idadi ya omu viandikwe kwenye daftari la mwalimu mkuu.